Barua ya wazi: Chorni mifongo yetu kwenye ramani kabla ya kugawa viwanja

Kwa viongozi wa mkoa wa Kilimanjaro, madiwani na watendaji wa wilaya ya Moshi, maofisa wa ardhi, barabara na maji, na wenyeviti wetu wa vijiji.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Old Moshi, kwenye mteremko wa kusini wa mlima. Mimi ni mzaliwa wa huku, naishi kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, alichoniachia baba, na maneno haya nimekaa nayo muda mrefu kabla ya kuyaandika. Ninachoomba ni hiki: kabla ya kupitisha kibali kingine cha ujenzi, kipande kingine cha barabara au mchoro mwingine wa viwanja huku juu, tembeeni na wazee wa kila kijiji mchore kwenye ramani kila mfongo (mfereji wetu wa asili wa maji), kila chemchemi, makaburi ya koo, viwanja vya mikutano ya zamani na miti yenye historia. Kisha vilindwe kwa sheria ndogo za kijiji, ili dereva wa greda, fundi wa nyumba na mnunuzi wa kiwanja wajue mapema ni wapi hapaguswi.

Siandiki kuzuia maendeleo. Aliyekulia kwenye njia ya kupanda kutoka Kiboriloni wakati wa masika, akaona mama mjamzito akishushwa kwa machela kwa sababu gari limekwama kwenye utelezi, hawezi kuililia barabara ya vumbi. Umeme umeleta mashine za kusaga, saluni na taa ya kusomea. Simu imemwezesha bibi kuzungumza na mjukuu aliyeko Mwanza. Watu pia wameongezeka: sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu karibu 650,000 katika mkoa wetu, na ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 1.8. Mlima haukuongezeka hata hatua moja. Lazima watu wajenge, walale, wasomeshe watoto. Ninachohoji ni namna tunavyoamua pa kujenga, kwa sababu tunaamua kiwanja kimoja kimoja, na vitu vinavyotuweka hai hapa havikai ndani ya kiwanja kimoja.

Nianze na historia, kwa kuwa wengi wenu mmehamishiwa hapa kikazi na pengine hamkupata wa kuwasimulia.

Mji wa Moshi mnaoufanyia kazi ulichukua jina lake huku juu. Makao ya Mangi (yaani chifu) Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, yalikuwa huku, na ndiko walikopita wasafiri, wafanyabiashara wa misafara kutoka pwani, wamisionari na maofisa wa Kijerumani. Reli kutoka Tanga ilipofika tambarare mwaka 1911, shughuli zilishuka kuifuata, jina likashuka nazo, nasi tukabaki kuitwa Old Moshi. Mji wetu uliondoka kwa uamuzi wa watu waliotazama ramani ya reli, na sisi hatukuulizwa. Sasa mji huohuo unapanda kurudi kwetu, safari hii kwa viwanja na nyumba za kupanga. Tungependa kuulizwa.

Baada ya Rindi alitawala mwanawe, Mangi Meli. Mwaka 1892 askari wake waliwashinda Wajerumani vitani, na kamanda wao von Bülow akafa. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na jeshi kubwa zaidi wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga kwenye mti, hapa kwetu, pamoja na viongozi wenzake, wakiwemo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Jumla walikuwa watu 19. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na hadi leo ukoo wake na sisi sote tunakitafuta. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewalinganisha ndugu walio hai huku Kilimanjaro na mafuvu yaliyohifadhiwa kwenye makumbusho yao. Moja lilikuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Dunia nzima ilisoma habari hiyo. Hapa kijijini tuliipokea kama habari ya msiba uliochelewa.

Waheshimiwa, mabaki hayo yakirudi, na siku moja yatarudi, yatazikwa wapi? Eneo lililouzunguka mti ule, njia alizopita Meli, mahali palipokuwa boma la baba yake, vyote viko katikati ya makazi ya watu wanaoongezeka na kugawana ardhi kila mwaka. Pasipopimwa na kuwekewa mipaka leo kwa jina la umma, kesho patakuwa na nyumba ya mtu aliyenunua kwa haki na kulipa kwa jasho lake, na hatutakuwa na la kumwambia.

Watu hudhani urithi ni mti wa Mangi peke yake, wakaweka bango, wakaona kazi imekwisha. Urithi wetu mkubwa zaidi bado unafanya kazi kila siku, nao ni mfongo.

Kwa asiyeujua, mfongo ni mfereji wa maji uliochimbwa kwa mkono. Unaanzia juu, mara nyingi ndani ya msitu, mahali mto ulipo kwenye korongo na unapoweza kuzuiwa kwa mawe, magogo na majani. Kutoka kwenye banio hilo maji huongozwa ubavuni mwa mlima, kwa mteremko mdogo sana, mpaka yatoke kwenye korongo na kukaa mgongoni mwa kilima ambako watu wanaishi. Waliochimba hawakuwa na kipimo cha fundi. Walitumia macho, na maji yenyewe yaliwaonyesha walipokosea. Penye bonde walichonga magogo wakayavusha maji juu yake. Wageni wa kwanza wa Ulaya waliofika hapa karne ya 19 waliikuta mifongo hii imekwisha kuenea mlimani, wakaandika kwa mshangao.

Kila mfongo una watu wake. Ukoo uliochimba ulitoa mzee wa kuusimamia, na yeye ndiye aliyepanga zamu: nani achukue maji asubuhi, nani jioni, nani asubiri keshokutwa. Mvua zikipasua kingo, baragumu au sauti ya mzee ilitosha kuwaita watu kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Walikwenda na majembe na mapanga, wakazoa tope, wakaziba, wakapanda juu hadi kwenye banio. Asiyekuja bila sababu alitozwa. Utaratibu huu uliwavuka Wajerumani na Waingereza, ukavuka hata kufutwa kwa utawala wa kimangi mwaka 1963, kwa sababu ulisimama juu ya hitaji la kila nyumba. Kuna mifongo ambayo bado inasimamiwa hivyo hadi leo, na baadhi ya watu wake wamejiandikisha kuwa jumuiya za watumia maji kama sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 inavyotaka.

Mfongo hufa kwa namna ambayo mtu aliye ofisini hawezi kuiona. Greda hupanua barabara na kukata kingo, na kalavati haliwekwi kwa sababu kwenye mchoro wa barabara hapakuwa na mfereji. Au mtu hujenga ukuta wa tofali kuzunguka kihamba chake na kuacha tundu dogo, tundu likaziba kwa takataka za plastiki. Au msingi wa nyumba unamwagwa palepale maji yanapopita. Kila mmoja wa watu hawa ana kibali chake na anafanya jambo lake kwenye eneo lake. Lakini mfongo hupita kwenye vihamba vingi, kwa mstari mmoja, na ukikatwa mahali pamoja wote walio chini wamekatiwa. Msimu wa kwanza watu huenda kuziba. Msimu wa pili wanakuja wachache. Msimu wa tatu mzee anaita na hakuna anayeitika, kwa kuwa hakuna anayetaka kusafisha mfereji usiomfikishia maji. Baada ya hapo migomba ya chini inadhoofika, mwenye kihamba anasema shamba halilipi tena, na anatafuta mnunuzi wa viwanja. Kisha tunaambiwa kwamba vijana wameacha kilimo.

Nimeeleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo mamlaka yenu yanapohitajika. Mwananchi mmoja hawezi kuulinda mfongo, kwani hana uwezo juu ya kiwanja cha jirani. Ukoo hauwezi tena, kwani nusu ya ardhi iko mikononi mwa watu wasio wa ukoo. Serikali ya kijiji ikiwa na ramani na sheria ndogo inaweza. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inaipa uwezo wa kutunga sheria ndogo, na sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2007 inaitambua kama mamlaka ya kupanga. Kinachokosekana ni mtu wa kupanda mlima na kuchora.

Mfongo ndio unaokilisha kihamba, na kihamba cha Mchaga ni msitu unaoliwa. Juu kabisa kuna miringaringa, miruka na misesewe, miti inayotoa kivuli, mbao, majani ya mifugo na magome ya kupikia mbege, pombe yetu ya ndizi. Chini yake migomba ya aina nyingi: ya kupika, ya kuiva, ya pombe. Chini ya migomba kuna kahawa, na chini ya kahawa magimbi, viazi vikuu, maharage na mboga. Ng'ombe wako zizini nyuma ya nyumba, wanakula majani ya migomba na kurudisha samadi kwenye shina lilelile. Watafiti wa mimea wamehesabu zaidi ya aina 500 za mimea kwenye vihamba vya Kilimanjaro, na sehemu kubwa ya hizo hazikupandwa na mtu. Zimejiotea tu kwa sababu mahali pamebaki na hewa na kivuli cha msitu. Mwaka 2011 shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikitambua kihamba cha majirani zetu wa Shimbwe Juu, huko Uru, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Utambuzi huo ni heshima, lakini mpaka wa heshima hiyo unaishia kwenye kijiji kimoja, wakati kihamba kiko kuanzia Siha mpaka Rombo.

Niseme kuhusu kahawa pia, maana vijana wengi hawajui ilivyotujenga. Wachaga waliungana kuiuza wenyewe kupitia chama kilichoanzishwa mwaka 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa ushirika wa KNCU. Fedha ya kahawa ilijenga shule, zahanati na barabara za huku kabla serikali nyingi za Afrika hazijazaliwa. Makubaliano ya kimataifa ya bei yalipovunjika mwaka 1989, bei ikaanguka, na mtu aliyekuwa analipa ada kwa magunia ya kahawa akajikuta hawezi kununua hata dawa ya mibuni. Waliong'oa mikahawa siwalaumu. Ila mkahawa ulikuwa ndio sababu ya kuacha mti wa kivuli usimame. Mkahawa ulipoondoka, mringaringa ukabaki mbao tu zinazosubiri msumeno.

Na sasa kuna nyumba. Naliandika hili kwa upendo, kwa sababu nyumba hizi ni za watoto wetu. Wako Dar es Salaam, Arusha, Dodoma, wengine Ulaya na Marekani, na kila Desemba wanarudi. Mchaga hata akae wapi, Krismasi ni nyumbani, na asiyejenga nyumbani hujiona hajafika. Hakuna anayejenga huku kwa nia mbaya. Mtoto anataka mama yake alale pakavu, anataka wajukuu wapate pa kufikia, anataka azikwe kwake. Hata hivyo, kihamba kilichokuwa cha babu mmoja kimegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, na kila kipande sasa kinabeba nyumba ya vyumba vingi, ukuta, geti na uwanja uliofunikwa pevingi mpaka kwenye mpaka. Nyingi zina mlinzi tu kwa mwaka mzima. Mvua inayoanguka juu ya bati na pevingi haizami ardhini. Inakimbia barabarani, inachimba mitaro, inabeba udongo hadi mtoni, na watu wa tambarare ndio wanaoipokea kwa kishindo. Chemchemi za chini nazo zinapungua, kwa kuwa ardhi iliyokuwa inanyonya maji imefungwa mdomo.

Kwa hiyo, kwenye vibali vya ujenzi vya maeneo ya vihamba, wekeni masharti machache yanayoeleweka. Miti mikubwa iliyokuwepo ibaki isipokuwa ile inayogusa msingi. Sehemu ya kiwanja ibaki udongo na mimea, na kiwango chake mkipange pamoja na wanakijiji. Kila nyumba kubwa iwe na tangi au shimo la kuvunia maji ya paa. Mfongo unaopita uachiwe njia ya wazi ambayo watu wa msaragambo wanaweza kuingia na majembe bila kugonga geti. Wajengaji wetu ni watu wenye uwezo na elimu. Wengi wangefanya haya kwa hiari kama mtu angewaambia kabla hawajamwaga zege. Nimezungumza na baadhi yao na nimeona wakishtuka kusikia kwamba mfereji mkavu ulio kwenye kiwanja chao uliwahi kunywesha kijiji kizima.

Kuna jambo la sheria ya mazingira ya mwaka 2004 linalohitaji busara yenu. Inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Naunga mkono nia yake kwa moyo wote. Lakini huku migongo ya milima ni myembamba na mito iko kila upande, na mita 60 zinaweza kumeza kihamba chote cha mjane pamoja na nyumba iliyokuwepo kabla ya sheria. Ikitekelezwa kwa kukurupuka inawaumiza maskini, na isipotekelezwa kabisa wenye nguvu wanajenga mpaka kwenye maji. Ramani ya kijiji ingewasaidia kuona wapi pana ukali wa kweli: kwenye vyanzo, kwenye mabanio, kwenye makorongo yenye miti ya asili. Pale msilegeze kwa mtu yeyote, awe na cheo gani.

Mpaka wetu wa juu ni msitu. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda tunaouita nusu maili, wenyeji wapate kuni, majani na mbao bila kuingia ndani zaidi. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1973, UNESCO ikaiandikisha mwaka 1987, na mwaka 2005 msitu uliozunguka mlima ukaingizwa ndani ya hifadhi. Msitu umepata ulinzi, nami nashukuru, maana ndio unaotupa maji. Ila mabanio ya mifongo mingi yako ndani ya msitu huohuo, na msaragambo hauwezi kutegemea hisani ya askari aliyeko zamu siku hiyo. Tunahitaji makubaliano ya maandishi kati ya vijiji na hifadhi, yanayosema ni lini na kwa njia ipi watu wa mfongo wanapanda kusafisha banio lao.

Sasa masale. Mgeni huona majani marefu ya kijani kwenye mipaka akafikiri ni ua la kawaida. Kwetu sale ni mpaka, ni kumbukumbu ya aliyezikwa, ni ombi la msamaha ambalo aliyekosewa hawezi kulikataa. Wazee wetu walizikwa ndani ya vihamba na masale yakapandwa juu yao. Mpimaji anapokuja na bikoni zake, mstari mnyoofu unapita juu ya babu wa mtu. Naomba kila zoezi la kupima litanguliwe na siku ya wenyeji kuonyesha makaburi, na yaingizwe kwenye mchoro kama mnavyoingiza nguzo za umeme. Kazi hiyo inahitaji subira tu, na subira yenu itawaepusha na kesi zitakazodumu miaka kwenye mabaraza ya ardhi.

Nikisema tulinde historia, simaanishi kila kitu cha zamani kirudi. Mimi ni mwanamke. Kwa mila, kihamba kilikwenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho. Binti alihesabiwa kuwa wa kwingine. Baba yangu alikataa hilo, akaniachia ardhi mbele ya mashahidi, na kuna ndugu ambao hawajanisamehe. Sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, na ninaomba hati za kimila mtakazotoa ziitekeleze sheria hiyo bila kuona haya. Nina sababu nyingine ya kulisema hapa. Wanaoamka alfajiri kuchota, kukata majani ya ng'ombe, kupalilia chini ya migomba na kujua chemchemi ipi inakauka mwezi gani ni wanawake. Kamati ya kuchora ramani ikiwa ya wanaume watupu, itakuwa na majina ya koo na itakosa nusu ya maji.

Utalii nao unakua. Wageni wanakwenda kuona maporomoko ya Materuni, wanatwanga kahawa, wanapiga picha chini ya migomba. Wanachokuja kukiona ni kihamba na maji yake, na ni haki sehemu ya kiingilio wanacholipa irudi kwenye mfongo na mche wa mringaringa, kwa hesabu zinazosomwa hadharani kwenye mkutano wa kijiji.

Najua pia kuna mazungumzo ya kupanua maeneo ya mji kila mahali nchini ambako makazi yamesongamana. Kijiji kikigeuzwa kuwa mtaa, mkutano mkuu wa kijiji unapoteza kauli juu ya ardhi yake, na mipango inahamia kwa watu ambao huenda hawajawahi kupanda hadi kwenye banio. Siwezi kusema hilo lisitokee kamwe. Naomba tu lisitangazwe mahali popote kwenye vihamba kabla ramani haijakamilika na kupitishwa na wanakijiji wenyewe, na ramani hiyo ibaki na nguvu baada ya mabadiliko.

Mtauliza fedha iko wapi. Kazi ninayoiomba haihitaji mshauri wa gharama kubwa. Kila kijiji kina vijana waliomaliza kidato cha nne au chuo, wenye simu zinazoweza kurekodi njia mtu anayotembea. Mpe kijana mmoja mzee wa mfongo na mama anayejua chemchemi, watembee kutoka banio mpaka maji yanapoishia, kijana akirekodi njia na pia sauti: nani alichimba, ukoo upi, zamu zilikwendaje, wapi ulikatwa na lini. Ofisi ya ardhi ya wilaya iihakiki na kuiingiza kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Nakala moja ya sauti ikae shuleni. Historia yetu nyingi iliyoandikwa iko kwa Kijerumani, kazi ya wamisionari kama Bruno Gutmann, aliyeishi nasi hapa Old Moshi kwa miaka mingi, na inasomwa na watu wa mbali kuliko sisi. Wazee wanaoijua kwa midomo yao wamebaki wachache, na kila masika tunazika mwingine.

Anzeni na kijiji kimoja na mfongo mmoja. Chagueni Kidia au Tsuduni, au popote mnapoona panafaa, na mfanye kabla ya mvua za masika, wakati njia za juu zinapitika. Pamoja na hilo, mlipime eneo la mti wa Mangi Meli, mliwekee mipaka, na hati yake iwe ya umma. Matokeo ya yote mawili yaletwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, yabandikwe ukutani, watu wasahihishe palipokosewa kabla hayajapigwa muhuri. Siku mtakayokuja tutawapokea, tutawapa wa kuwaongoza, na chakula cha mchana kitakuwepo.

Nasubiri jibu lenu, na niko tayari kutembea nanyi.

Wenu katika ujenzi wa mkoa wetu,

Binti wa Old Moshi